Kizuri Chajiuza? Tangazo, Gazeti na Simu katika Riziki ya Maneno

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imetumika vizazi kwa vizazi kumtuliza fundi mwenye kazi njema ambaye mnunuzi wake hajafika, na kumsuta mchuuzi mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Lakini kuna jambo moja ambalo methali haikutwambia: hicho kizuri, wakati kinangoja kujiuza, kinakula nini? Swali hili linamgusa kila mwenye kuandika kwa ajili ya wachache: mtunzi wa mashairi, mfasiri, mhariri wa jarida kama hili, na siku hizi kijana anayeunda programu ya simu ya methali, ya vitendawili au ya msamiati wa lahaja, akitumaini kwamba matangazo yatakayopita juu ya maneno yake yatamrudishia gharama zake. Makala haya yanafuatilia historia ya tumaini hilo katika nchi yetu, tangu magazeti ya mwanzo hadi simu za leo, ili tujue limetoka wapi na limewafikisha wapi waliolishika kabla yetu.

Mfano wangu nauchukua Keko, katika Wilaya ya Temeke, jijini Dar es Salaam. Keko si mtaa mmoja. Kuna Keko Machungwa, Keko Magurumbasi, Keko Mwanga, Keko Juu na Keko Toroli, makazi yaliyobanana baina ya viwanda vya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu, na upande wa Chang'ombe. Kwa Watanzania wengi jina hili lina maana mbili. Wa kwanza wakilisikia hukumbuka gereza lenye mahabusu. Wa pili hukumbuka samani: vitanda vya sita kwa sita, makabati, milango ya mninga na ya mkongo, makochi yaliyovalishwa vitambaa vya kila rangi, yote yamepangwa kando ya njia, na nyuma yake mafundi wamejaa vumbi la msasa.

Seremala wa Keko aghalabu hana bango, wala halipii redio. Tangazo lake ni kitanda chenyewe. Methali ya wahenga kwake ni kweli tupu, lakini ni kweli kwa sababu tatu ambazo hazionekani mara moja. Kwanza, njia inapita mbele ya karakana yake, na njia hiyo hailipii. Pili, mnunuzi ni mtu wa mji uleule, anayeweza kurudi kesho kugombana naye ikiwa mguu wa kochi umelegea. Tatu, fedha inatoka mkono wa mnunuzi na kuingia mkono wa fundi, bila ya mtu wa kati kushika fungu. Ukiziondoa hizo tatu, kizuri hakijiuzi tena. Namwomba msomaji azikumbuke, kwani historia yote inayofuata ni habari ya watu wa maneno waliokuwa na moja au mbili kati yake, na mara chache sana zote tatu.

Kabla ya gazeti, tangazo katika miji ya pwani lilikuwa ni mbiu. Pembe ilipolia watu walijua kuna jambo, na jambo hilo lilikuwa la mwenye mji. Mpiga mbiu hakumlisha mtunzi wa mashairi, wala mtunzi hakumtegemea yeye. Mshairi alilishwa na jamaa zake, na shamba au chombo chake, na tunzo za arusini, au hakulishwa kabisa. Gazeti ndilo lililoleta jambo jipya: kwamba maneno ya watu wawili wasiojuana yanaweza kukaa ukurasa mmoja, la huyu limelipiwa ili lisomwe, la yule linasomwa ili la kwanza lionekane.

Hata hivyo magazeti ya mwanzo ya Kiswahili hayakuishi kwa matangazo. Msimulizi, lililotolewa Unguja kuanzia mwaka 1888 na wamisionari wa UMCA huko Kiungani, lilikuwa na misheni nyuma yake. Kiongozi, lililotoka Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, lilikuwa na serikali ya Wajerumani. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa ni la Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza. Katika kurasa za Mambo Leo ushairi wetu ulipata uwanja ambao haukuwahi kuwa nao: mtu wa Pangani alijibizana na mtu wa Lindi kwa vina na mizani, na bara zima likasoma. Fadhila hiyo tusiikatae. Lakini mlipaji alikuwa ni serikali, na yale ambayo serikali haikutaka kuyasikia hayakupata ukurasa.

Ndiyo maana mwaka 1937 una uzito wake. Mwezi wa Novemba mwaka huo, Erica Fiah, Mganda aliyekuwa akiishi Dar es Salaam na kuendesha duka, alitoa toleo la kwanza la gazeti lake aliloliita Kwetu. Hili ndilo gazeti la mwanzo la Mwafrika katika Tanganyika, na halikuwa na misheni wala hazina ya serikali. Fiah aliandika juu ya mishahara, juu ya wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika, juu ya dharau waliyofanyiwa watu wake. Wasomaji wake walikuwa ni wachache, wenye kujua kusoma na wenye senti za kununulia, na wengi wa wenye fedha ya kutangaza katika mji ule hawakuwa na haja nao. Alishindana na Mambo Leo, ambalo halikuhitaji faida ili liishi. Pamoja na hayo Kwetu lilidumu, kwa shida, hadi mwaka 1951. Kilicholishikilia ni kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa duka, aliyejua thamani ya senti na aliyeishi miongoni mwa wale aliowaandikia. Katika yale mambo matatu ya seremala, Fiah alikuwa nalo la pili kwa ukamilifu: ujirani.

Huku Unguja mambo yalikwenda kwa mkondo wake. Samachar, lililoanza mwaka 1902 kwa Kigujarati, lilikuwa gazeti la jamii ndogo, lakini jamii yenye maduka. Al-Falaq la mwaka 1929 lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu, na Mwongozi likaja mwaka 1942. Tusiingie hapa katika siasa zao, ambazo zimeandikwa kwingine kwa wino mwingi. Linalotuhusu ni kwamba gazeti la watu wachache liliweza kuishi ikiwa wachache hao walikuwa na biashara za kutangaza, au jumuiya ya kuchanga. Msomaji, mwenye tangazo na mwandishi walisalimiana barabarani. Tangazo la duka la vitambaa lilikuwa nusu biashara, na nusu mchango wa mtu kwa gazeti la kwao. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 magazeti ya vyama yalitoweka, na utaratibu huo ukatoweka nao.

Dar es Salaam ilikuwa imepata Ngurumo tangu mwaka 1959. Hili lilikuwa gazeti la kila siku la Kiswahili la Randhir Thaker, mwenye kiwanda cha uchapaji, likauzwa kwa bei ambayo mpagazi wa bandarini aliimudu. Lilikuwa na habari za mji, vituko, na mashairi ya wasomaji. Lakini nchi ikabadilika. Mabenki yalitaifishwa Februari 1967, na makampuni makubwa ya biashara baada yake. The Standard lilitaifishwa Februari 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News. Wenye fedha ya kutangaza wakawa aghalabu ni mashirika ya umma, na gazeti la mtu binafsi likasimama katika soko ambalo wauzaji wake walikuwa wamepungua. Ngurumo lilizimika mwaka 1976.

Nasi watunzi tulikuwa wapi katika hesabu hiyo? Nje. Mtunzi alinunua karatasi, akanunua bahasha na stempu, akatuma shairi lake, akangoja. Malipo yake yalikuwa kuliona jina lake limechapwa, na baada ya wiki kadhaa kusoma jibu la hasimu wake. Kadhalika katika redio: msikilizaji alinunua kadi ya salamu ili jina lake na majina ya jamaa zake yasomwe. Kwa miongo mingi, basi, desturi ya maneno ya Kiswahili katika vyombo vya habari ilikuwa kwamba mwenye neno ndiye anayelipa ili asikike. Anayedhani kwamba matangazo ya simu yamemdhulumu mtunzi riziki aliyokuwa nayo zamani, ajue kwamba riziki hiyo haikuwapo.

Miaka ya 1990 ilifungua milango. Magazeti ya watu binafsi yakarudi, televisheni zikaingia bara mwaka 1994, na mwaka huohuo ndio tunaouhesabu kuwa mwanzo wa simu za mkononi nchini kwa kampuni ya Mobitel. Zantel ikaja mwaka 1999, Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Makampuni haya yakawa ndiyo wanunuzi wakubwa wa matangazo. Hayakutosheka na kurasa na mabango, yakachukua na kuta. Aliyepita Keko, Mbagala au Manzese katika miaka ile aliona vibanda na nyumba nzima zimepakwa rangi za kampuni, nyekundu hapa, buluu pale. Kwa wenye vibanda wengi malipo ya ukuta yalikuwa ni rangi yenyewe: ukuta uliokuwa ukibanduka ukapata sura mpya, na kampuni ikapata macho ya wapita njia wote. Hakuna aliyelazimishwa, na pande zote mbili ziliridhika. Namwomba msomaji auweke akilini ukuta huo, kwani tutaukuta tena ndani ya simu.

Simu za awali zilikuwa na ujumbe wa herufi 160, na hapa ushairi wetu ulikuwa na bahati ambayo wahandisi hawakuikusudia. Beti moja ya tarbia ina mizani 64. Ukiiandika pamoja na nafasi na mikato, aghalabu inaenea ndani ya ujumbe mmoja. Vijana wakatumiana beti, wengine bila ya kujua kwamba ni beti, na katika vibanda vya magazeti vya Dar es Salaam vikauzwa vijitabu vya jumbe za mapenzi za kunakiliwa. Walioingiza fedha kwa kila ujumbe uliotumwa ni makampuni ya simu. Mtunzi, kwa mara nyingine, alikuwa ndiye mlipaji.

Kisha mambo matatu yakakutana. Mwaka 2003 kampuni ya Google ya Marekani ilianzisha AdSense, mpango wa kuwalipa wenye kurasa za intaneti kwa matangazo yanayoonekana humo. Mwaka 2006 Omar Hamoui alianzisha AdMob, mpango wa namna hiyohiyo kwa simu, ambao Google ilitangaza kuununua Novemba 2009 kwa dola milioni 750. Mwaka 2008 yakafunguliwa masoko ya programu, la Apple mwezi Julai na la Android mwezi Oktoba. Kwetu sisi, mkongo wa SEACOM ulifika pwani ya Dar es Salaam Julai 2009, na baada yake simu za bei nafuu zenye Android zikaanza kuenea. Nchini Kenya, Huawei Ideos ya mwaka 2011 ilikuwa mwanzo wa wimbi hilo, kisha Tecno na itel zikajaa kila duka kutoka Kariakoo hadi Darajani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vijana wa Dar es Salaam walikuwa na mahali pa kukutana na kufundishana, kama vile Buni katika jengo la COSTECH, Kijitonyama, Wilaya ya Kinondoni. Wengine walijifunza peke yao, usiku, kwa kifurushi cha intaneti cha shilingi mia tano, katika vyumba vya kupanga vya Keko na Tandika.

Kwa nini kijana huyo alikimbilia matangazo badala ya kuiuza programu yake kama fundi anavyouza kitanda? Kwa sababu soko la programu lilidai kadi ya benki, na watu wake hawakuwa nayo. Walikuwa na fedha ndani ya simu, kwani M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, lakini fedha hiyo na soko lile havikuzungumza lugha moja. Aliyetaka kusomwa na jirani zake alilazimika kutoa bure, na aliyetoa bure alikuwa na mlango mmoja wa riziki. Alilipa dola 25 za kujiandikisha, akaweka programu yake sokoni, akafungua akaunti ya matangazo.

Sasa tuutazame utaratibu wenyewe. Msomaji anapofungua ukurasa wa methali, nafasi iliyo chini ya ukurasa hunadiwa. Mnada huu haukawii hata kufumba na kufumbua. Mashine za wenye matangazo hutaja bei, anayeshinda tangazo lake hutokea, Google hushika fungu lake na lililobaki huandikwa kwa mwenye programu. Sisi wa pwani tunaujua mnada. Tumesimama Darajani na kumsikia dalali akipandisha bei ya samaki, tukamwona mnunuzi na tukamwona samaki. Katika mnada wa simu hakuna anayeonekana. Na bei haitokani na uzuri wa methali. Inatokana na mfuko wa anayesoma: msomaji wa London anayetafuta bima ni ghali, msomaji wa Keko mwenye kitochi kilichokua kikawa simu janja ni rahisi. Lugha nayo ilikuwa kizuizi. Kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha zilizokubaliwa na AdSense, na hadi mwaka 2018 ndipo kilipoingizwa katika orodha. Lugha ya mamilioni ya watu ilikaa barazani kwa miaka 15 tangu mpango ule kuanza.

Tufanye hesabu ya mfano, na bei nimeikisia kwa ajili ya hesabu tu. Tuseme programu ya methali ina wapenzi 300 wanaoifungua kila siku, na kila mmoja anaonyeshwa matangazo manne. Hayo ni maonyesho 1,200 kwa siku, au 36,000 kwa mwezi. Ikiwa kila maonyesho elfu moja yanalipwa nusu dola, mwezi mzima unaleta dola 18. Google haitoi fedha mpaka zifike dola 100, hivyo kijana atangoje mwezi wa sita. Na kabla ya hapo kuna mlango mwingine. Akaunti inapofikia dola 10, Google hutuma barua ya karatasi, kwa posta ya kawaida, yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Barua ya posta, kwa mtu wa Keko! Kwetu barua haiji nyumbani, inakwenda kwenye sanduku la posta, na kijana wa chumba cha kupanga hana sanduku. Ataazima la shule, la ofisi ya mjomba, la msikiti au la kanisa. Namba za nyumba na majina ya mitaa vilibandikwa kwa wingi mwaka 2022 tu, katika operesheni ya anwani za makazi iliyotangulia sensa ya Agosti. Mwisho wa teknolojia ya hali ya juu ukawa ni kumwuliza karani wa posta kama bahasha imefika.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa kwetu huliona geni. Ndugu na majirani wakisikia kwamba kila kubofya kunamwingizia kijana wao senti, watabofya. Ndivyo tulivyolelewa, mtu akiwa na shughuli, jamaa humchangia. Lakini katika sheria za mpango ule kubofya kwa huruma ni udanganyifu. Mashine ikiona simu zilezile za mtaa uleule zinabofya matangazo yaleyale, akaunti hufungwa, na fedha iliyokusanywa huzuiwa. Mchango uliolibeba gazeti la jumuiya ya Unguja mwaka 1942 ungelifungia akaunti leo. Mpango huu unamtaka msomaji awe mgeni daima.

Vilevile mwenye kulipa hubadilisha kinacholipiwa, hata asipotamka neno. Ikiwa fedha huja kwa idadi ya kurasa, shairi la beti saba litakatwa vipande saba, na baina ya beti na beti pawekwe tangazo. Kisha kuna suala la tangazo gani. Mwenye programu anaweza kuzuia aina fulani za matangazo, ya kamari kwa mfano, lakini kila aina anayoizuia humpunguzia wazabuni mnadani, na bei hushuka. Uadilifu una gharama, na gharama hiyo huonekana kwa senti. Mikopo ya simu nayo ilijitangaza kwa ahadi tamu, mpaka Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Ukuta ule wa Keko umehamia kiganjani: mwenye ukuta anapata rangi, na hachagui sana rangi gani.

Serikali nayo ilikuwa na sehemu yake katika hesabu. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu, redio au televisheni ya intaneti alipie maombi, leseni na ada ya mwaka, jumla ya shilingi 2,100,000. Linganisha kiasi hicho na zile dola 18. Wengi walionyamaza mwaka ule hawakunyamaza kwa hoja, walinyamaza kwa hesabu. Kanuni zilirekebishwa baadaye, lakini blogu iliyofungwa ni kama duka lililofungwa: wateja hutawanyika.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi mimi mwenye kutunga na kutafsiri, nalo ni zaidi ya fedha. Kwetu la Erica Fiah lilikufa mwaka 1951, lakini karatasi zake zimebaki na wasomi wamezisoma. Mambo Leo limebaki makabatini, na shairi la babu bado linaweza kupatikana na mjukuu. Programu ya simu haifi hivyo. Soko la Google hudai kwamba programu iendelee kurekebishwa ili ilingane na matoleo mapya ya Android, na ile iliyoachwa nyuma sana hufichwa, mwenye simu mpya asiione. Kurekebisha ni kazi ya usiku mwingi. Kijana aliyengoja miezi sita kupata dola 100 atafanya kazi hiyo mwaka wa kwanza, pengine wa pili. Akioa, au akipata kazi ya kudumu, ataiacha. Na ikiwa alikuwa amekusanya vitendawili vya bibi yake wa Makunduchi au wa Rufiji, ambavyo havijaandikwa popote, vitendawili hivyo hutoweka pamoja na programu. Tumewahi kupoteza maneno kwa moto, kwa mchwa na kwa mafuriko. Sasa tunayapoteza kwa sababu hayakuonyeshwa mara za kutosha.

Nini basi historia hii inatufunza? Tangazo la mnada humlisha mwenye kukusanya umati, na aliyejitolea kuwahudumia wachache asitarajie kulishwa nalo. Waliodumu kati ya wachache, kuanzia Samachar hadi Kwetu, walidumu kwa ujirani: waliwajua wasomaji wao, na wenye matangazo walikuwa ni watu wa mji wao. Turudi kwenye hesabu yetu. Dola 18, tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, ni shilingi 45,000. Watu 90 tu kati ya wale 300 wakilipa shilingi 500 kwa mwezi kwa simu zao, kiasi hicho kimetimia, bila ya barua ya posta na bila ya mnada. Au seremala mmoja wa Keko, mwenye makochi mazuri na karakana iliyo nyuma, mbali na njia, akikubali picha ya kochi lake na namba yake ya simu zikae chini ya methali kwa mwezi mmoja kwa bei hiyohiyo. Yeye anahitaji njia, kijana ana njia. Wanaishi mtaa mmoja na fedha itatoka mkono hadi mkono.

Sisemi ni rahisi. Kumwendea seremala kunataka miguu, maelezo, na uvumilivu wa kuambiwa njoo kesho. Watu 90 wa kulipa kila mwezi ni kazi kuliko watu 9,000 wa kupita bure. Makampuni ya simu nayo yana ada zao. Lakini ni njia ambayo mlipaji anajulikana kwa sura, na anayekulipa ukimjua waweza kumkatalia. Mnada haukataliki, kwa kuwa hauna uso.

Nimeyafunga haya katika beti moja, ambayo msomaji akitaka kumpelekea rafiki itaenea ndani ya ujumbe mmoja wa herufi 160:

Walinena wa zamani, wazee kutueleza,
Kizuri hakiwi duni, japo hukukitangaza;
Lakini taa gizani, mafuta nani kujaza?
Alipaye huchagiza, ya kunenwa ukumbini.

Limebaki ombi moja kwa vijana wenye programu hizi, na kwa majarida yetu. Mwenye kukusanya methali, misemo au vitendawili na kuviweka katika simu, achape na nakala chache za karatasi, hata 50, kwa mashine ya kutolea kopi. Moja aipeleke Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, moja Nyaraka za Taifa hapa Zanzibar, nyingine awape wale waliomsimulia. Gharama yake haizidi ile ya kochi moja la Keko, na itadumu kuliko akaunti yoyote.